Mawaridi Yaliyochumwa kama Chai

Huku kwetu Mgwashi, milimani, kuna asubuhi ambazo hazianzi. Ukungu unapanda kutoka bondeni, unapita migombani, unakaa uani kama mgeni aliyekuja na mizigo yake, na mpaka saa nne hujui kama jua limechomoza au limeghairi. Ninapoyakumbuka yale mawaridi ninayaona ndani ya asubuhi za namna hiyo. Siwezi kuapa kwamba mambo yalifuatana sawasawa na ninavyoyasimulia, maana wiki ile nilikuwa kama mtu anayetembea usingizini, nikiingia jikoni nasahau nilichofuata. Lakini kwamba mama alikuwa amekataa kunywa, hilo nalikumbuka vizuri mno.

Mama amechuma chai tangu hajaolewa. Shamba letu ni dogo, linateremka nyuma ya nyumba hadi kwenye kijito, na majani yake yalikuwa yakipelekwa kiwandani Mponde, ambako baba alifanya kazi kwenye chumba cha kunyaushia majani mpaka alipostaafu. Nyumbani kwetu kila kitu kilipimwa kwa chai. Mtu alifika kabla ya chai au baada ya chai. Mgonjwa alikuwa mahututi siku aliyoikataa chai, na alikuwa amepona siku aliyoiomba. Baba na mama walikunywa ya kwanza pamoja kabla hatujaamka, na sisi watoto tulikuwa tukisikia vikombe vikigusana na sauti zao za chini, tukijua dunia bado ipo, tukalala tena.

Baba alipofariki, mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi huko Malindi, ile ya huku huku Lushoto. Nilipostaafu nikarudi kukaa na mama. Nisijisifu: ualimu umeniachia sauti ya kuamrisha na ugonjwa wa kusahihisha watu. Mama naye hajawahi kusahihishwa na mtu. Tuliishi kwa amani ya majogoo wawili waliogawana ua.

Kisha vidonda vya tumbo vikamkamata. Daktari aliyempima alikuwa kijana mwenye adabu, alimwamkia shikamoo kwa kuinama kabisa, na mama alimpenda pale pale. Mapenzi yao yalidumu dakika kumi.

"Chai basi, bibi," alisema. "Ya rangi, ya maziwa, zote tuziache kwanza. Kunywa maji kwa wingi."

Mama alinigeukia mimi, akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemtuma yule kijana aseme hivyo.

Tulipofika nyumbani nilitoa mkebe wa majani jikoni nikauficha chumbani kwangu, chini ya kitanda. Nilitaka asiuone akatamani. Lakini mimi mwenyewe bila chai si mtu, kichwa kinauma na ulimi unakuwa mkali. Basi kila asubuhi nilikuwa nikimwekea mama maji yake ya vuguvugu mezani, halafu naenda kwenye banda la nyuma, nawasha jiko dogo la mkaa, nachemsha chai yangu, nainywa nimesimama kati ya majembe na magunia ya viazi. Nikimaliza natafuna jani la mpera kuua harufu. Mwanamke mwenye wajukuu, anajificha kama mwanafunzi aliyevuta sigara chooni! Nilijiambia nafanya hivyo kwa huruma.

Maji ya mama yalikuwa yakibaki mezani kama nilivyoyaweka. Nikimhimiza ananiambia, "Maji matupu ni ya ng'ombe." Uji alikuwa anaulamba vijiko viwili. Mchaichai aliukataa, akasema ni majani ya kufukuzia mbu. Kidogo kidogo akawa mwepesi, macho yakaingia ndani, akawa anasinzia kibarazani mchana kutwa na blanketi magotini, akizungumza na watu nisiowaona. Baada ya wiki mbili akaanguka karibu na banda la kuku.

Nilipomrudisha hospitali, yule daktari akamfinya ngozi ya nyuma ya mkono. Ngozi ikabaki imesimama, haikurudi. Akanionyesha. Kisha akatupa siku saba: Jumatatu ijayo arudi, na kama bado yuko mkavu hivi kwa kukosa maji, atalazwa atundikiwe dripu, na hajui ni kwa muda gani.

Baba alikwenda hospitali kwa miguu yake, akarudi mabegani kwa watu. Mama hajasahau. Tulipofika kwenye kona ya mikaratusi akasema kwa Kishambaa kwamba kwenye kitanda kile hatalala, heri afie kwake. Mama mambo madogo huyasema kwa Kiswahili. Akiamua, huamua kwa Kishambaa.

Wazo la mawaridi lilinijia jioni ile nikiwa nafagia ua. Miaka mingi iliyopita tulifanyiwa semina ya walimu Lushoto mjini, kwenye nyumba ya wageni yenye bustani, na wakatuletea glasi za maji ya moto yenye rangi ya machweo, ndani yake zinaelea petali. Nakumbuka niliona tumepunjwa. Nilimuuliza mhudumu chai iko wapi, akaniambia ndiyo hiyo. Lakini nilipoinywa niliomba ya pili. Sasa nikasimama na ufagio mkononi, nikayatazama mawaridi ya mama kana kwamba sijawahi kuyaona.

Yapo ya aina mbili. Mekundu, yasiyo na harufu sana, yako mbele ya nyumba, na hayo ni ya kanisani: kila Jumamosi mama huyakata kwa ajili ya madhabahu. Ya rangi ya waridi, yale ya zamani yenye petali nyingi zilizobanana, yamefuata ua wote wa upande wa shamba. Yanapofunguka yananukia mpaka njiani.

Nilimpigia simu muuguzi ninayemfahamu, nikamuuliza kama yana madhara kwa tumbo lile. Akamuuliza daktari, akanirudishia jibu: hayana neno, mradi hayajapuliziwa dawa na yasikolezwe.

"Maua hayaliwi," mama alisema nilipomweleza.

"Hayaliwi, mama. Yananywewa."

"Na hayanywewi."

Asubuhi yake nilitoka na bakuli kwenda kuchuma. Mama alikuwa kibarazani ndani ya blanketi lake, ukungu umemfikia mabegani. Nilikuwa nakata ua moja moja kwa mkasi, taratibu, nikiogopa miiba. Nadhani nilikata matano. Nikasikia sauti.

"Wewe unachuma au unanyoa?"

Nikakata la sita.

"Mikono ya chaki hiyo. Lete kikapu."

Nilidhani anaweweseka. Lakini alikuwa amesimama, ameshikilia nguzo, blanketi liko chini. Nikamletea kikapu cha zamani cha kuchumia, akataka nimvalishe mgongoni. Akashuka uani akiyumba, nami nyuma yake mikono imetanda tayari kumdaka. Alipofika kwenye mwaridi wa kwanza, ile mikono ikaamka. Sina namna nyingine ya kusema. Mtu alikuwa anatetemeka, mikono haitetemeki. Yote miwili ilikwenda kwa pamoja, tak tak tak, kidole gumba na cha shahada, kisha mkono wa kulia unarusha nyuma ya bega bila yeye kugeuka. Nilisimama nikasahau nilikuwa na haraka ya nini. Nilimwona kama nilivyokuwa nikimwona nikiwa na miaka sita, mgongo wake ukielea juu ya chai na sehemu ya chini yote imemezwa na ukungu.

Hakudumu. Kwenye mti wa nne akakaa chini. Nikampokea kikapu, nikachungulia, nikaguna.

Alikuwa amechuma chai. Mkono wake unajua kitu kimoja tu duniani, majani mawili na chipukizi, na ndicho ulichokitafuta na kukipata. Kikapu kilikuwa na ncha laini za matawi na vitumba vya maua ambavyo havijafunguka, vyote vimekatwa mahali panapostahili. Ua lililofunguka hakuchuma hata moja. Kwa mchuma chai, jani lililofunguka kabisa limeshazeeka, ukilitia kikapuni linarudishwa kwenye mizani. Maua yote ya wiki ile kwenye miti ile minne, mama alikuwa ameyakata shingo kabla hayajazaliwa.

Ningekuwa na akili ningemwambia. Lakini alikuwa anahema, mashavu yana rangi, na alikuwa ananiamrisha. Nikaitika kila kitu. Akataka vitandazwe juu ya mkeka vinyauke. Vikanyauka. Jioni akavifikicha viganjani mpaka vikatoa maji, akavikusanya, akavifunika kitambaa chenye unyevu. "Baba yako alikuwa anasubiri harufu igeuke," alisema, akainama na kunusa kila baada ya muda, macho amefumba. Siku ya pili tukavikausha juu ya karai. Vilikuwa vyeusi, vimejikunja vizuri kabisa. Kwa macho ungesema ni chai ya daraja la juu.

Nikaichemsha. Ilinuka soksi za mwanafunzi aliyenyeshewa.

Mama alionja, akakaa nayo mdomoni, akaitema nje dirishani. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na mimi nikacheka, machozi yakanitoka. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu alipokatazwa chai. Lakini kikombe kilibaki kimejaa, na ilikuwa Jumatano.

Alhamisi nikaanza upya, safari hii kwa maua yaliyofunguka. Upande wa juu wa ua mama hakuwa ameufikia, na upande wa chini kabisa, unaopakana na kabichi za jirani, kulikuwa na maua makubwa ya kupendeza. Nikaanza na ya chini. Mama akaniita kutoka kibarazani.

"Umemwona nyuki huko?"

Nikatazama. Hakukuwa na nyuki hata mmoja.

"Na huku juu?"

Huku juu walikuwa wanagongana. Nikamwita jirani ng'ambo ya kabichi, akakubali bila kificho kwamba amepuliza dawa juzi na jana, na upepo ulikuwa wa kuja kwetu. Nikamwaga bakuli zima chini. Nilitaka kumponya mama, nikakaribia kumnywesha dawa ya viwavi. Nilinawa mikono mara tatu, na siku nzima nikawa najisikia mjinga.

Basi tukabaki na miti mitatu ya juu. Nilichuma umande ulipokauka, mama akinielekeza kwa fimbo. Kisha tukakaa mezani kukata ile sehemu nyeupe chini ya kila petali, maana ndiyo yenye uchungu. Nilikuwa na mkasi wangu wa shule, yeye alitumia kucha. Nje ukungu ulifika dirishani ukakaa. Sijui tulikaa saa ngapi. Petali zilikuwa baridi na laini kama masikio ya mbuzi mchanga, rundo likawa linakua, na harufu ikajaa chumba mpaka nikahisi ninaelea juu kidogo ya kiti changu. Mama alisinzia, akaamka, akaendelea pale pale alipoachia. Mara moja aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, nami nikaitika. Mara nyingine akasema, bila kuinua macho, "Shati la baba yako lilikuwa linatangulia kufika. Nikilinusa pale mlangoni najua maji yachemke." Halafu akachukua petali nyingine.

Nilitaka kuzikausha juu ya moto, akakataa: zitanywa moshi. Kuzianika juani nako, jua hakuna. Mwishowe zikatandazwa kwenye nyungo mbili juu ya kitanda chake, ambapo bati hupata joto hata siku ya mawingu, na yeye akawa analala ukingoni, amejikunja kuyapisha maua. Nikiingia kumwamkia namkuta amelala na petali moja imemnasa shavuni. Nilikuwa nasimama mlangoni kwa muda mrefu. Nilikuwa naogopa sana. Nilikuwa nahesabu pumzi zake.

Jumapili, baada ya ibada niliyoisikiliza redioni, zikawa tayari. Zilikuwa zinakatika kwa sauti ndogo ukizishika. Nikatia maji yaliyotulia kidogo baada ya kuchemka, nikafunika kwa kisahani, nikahesabu mpaka mia tatu. Nilipofunua, rangi ilikuwa ile ile ya Lushoto mjini, na mvuke wake ulinifanya nifumbe macho. Nikatia asali ncha ya kijiko. Nikamwekea mama mezani, kwenye kikombe chake chenye maua ya bluu. Nikasimama pembeni mikono kifuani, kama msimamizi wa mtihani.

Alikunywa funda moja. Akatikisa kichwa kukubali. "Nzuri," alisema, na akakirudisha kikombe mezani, akalitazama dirisha.

"Kunywa basi, mama."

"Nitakunywa."

Hakunywa. Nilisubiri. Kikombe kikaacha kutoa mvuke. Hasira na huzuni zikanijia pamoja, nikatoka mbio nisije nikamkemea mama yangu mzazi. Nikaenda bandani. Nikawasha jiko, nikachemsha chai, nzito, nyeusi, sukari vijiko vitatu. Nikaishika kwa mikono miwili katikati ya majembe, nikaanza kulia.

"We mwalimu!"

Sauti ilitoka ndani ya nyumba, na haikuwa ya mgonjwa.

"Abee mama."

"Unakunywa nini huko?"

"Maji."

"Maji gani yananukia Mponde?"

Nilikuwa na jani la mpera mkononi tayari.

"Kila siku nakunusa," alisema. "Njoo nayo hapa."

Nikaingia na kikombe changu, uso umelowa. Nikasimama mlangoni. "Daktari amekataza, mama."

"Amenikataza kunywa. Kunusa hajanikataza." Akakipiga kiti cha pili kwa fimbo. "Kaa."

Nikakaa. Mvuke wa chai yangu ukapanda katikati yetu, yeye akauvuta polepole, macho amefumba. Kisha akasema kwa Kishambaa, taratibu, bila ukali wowote, na ninayaandika kwa Kiswahili kadiri yanavyokubali: "Unaniwekea kikombe unaondoka. Kila siku unaweka, unaondoka. Hivyo ndivyo tunavyowawekea kuku maji."

Nilitaka kumweleza kwamba nilijificha ili nisimtese, na kabla sijafungua mdomo nikaona jinsi ilivyokuwa: yeye peke yake mezani na maji matupu, na huku nyuma harufu ya chai na mtu anayemkimbia. Nilimshika mkono. Ngozi yake ilikuwa kavu kama karatasi.

"Haya, kunywa," aliniambia. "Inapoa."

Nikanywa. Yeye akainua kikombe chake cha mawaridi, akanywa. Nikanywa tena, naye akanywa. Alipomaliza alisukuma kikombe kuelekea kwangu, nikamwongezea, na alipomaliza hicho akasukuma tena. Ukungu ulikuwa umeanza kujivua kutoka kwenye mpeasi wa uani, tawi moja moja. Alikunywa vikombe vitatu kabla ya chakula cha mchana na viwili jioni, na kila kimoja nilikinywa naye, mpaka moyo ukawa unanienda mbio kwa wingi wa chai.

Jumatatu daktari alimfinya tena ngozi ya nyuma ya mkono. Safari hii ilirudi, polepole, lakini ilirudi. Akamfinya mara ya pili kuhakikisha, akatabasamu, akaniuliza nimempa nini. Nikajiweka sawa kitini. Nikaanza kumweleza habari za mawaridi tangu mwanzo, umande, nyuki, ile sehemu nyeupe inayokatwa, maji yaliyotulia baada ya kuchemka, na yeye akachukua kalamu aandike.

Mama akamgusa mkono.

"Usiandike maua, mjukuu wangu," alisema. "Andika kwamba siku hizi tunakunywa wote."